Shaba Haikufika Ndani

Yule mzee alikuwa akigonga kila kitu. Siku ya kwanza nilipoingia kwake Minto, pembezoni mwa Sydney, kabla hajaniuliza hata natoka wapi, aligonga kwa kifundo cha kidole fremu ya kutembelea niliyomletea kutoka ofisini, akainamisha sikio, akasema, "Hii imetengenezwa na mtu aliyekuwa anawaza chakula cha mchana." Nilidhani ni utani wa wazee. Baadaye aligonga sufuria, akagonga chuma cha bafuni cha kushikilia, akagonga kikombe nilichomtilia chai. Kikombe kilipita. Fremu aliitumia shingo upande mpaka mwisho.

Kazi yangu ni kuwaogesha wazee, kuwavisha, kuwapikia supu, na kuandika kwenye simu kwamba nimefanya hivyo. Nimeifanya hapa Sydney miaka mingi kuliko ile niliyokaa shuleni. Sheria ya kazi inatukataza kutaja majina ya watu tunaowahudumia, nami naiona sheria nzuri, kwa hiyo hapa sitamtaja mtu yeyote, hata mimi mwenyewe.

Alikuwa Mwingereza, amefiwa na mke, mwenye binti mmoja anayeishi Perth. Aliniita bata. "Asante, bata wangu." Wiki nzima nilinuna, maana kwetu ukimwita mwanamke mzima bata unausema mwendo wake. Binti yake alipopiga simu ndiye aliyenieleza kwamba katika mji alikozaliwa baba yake, katikati ya Uingereza, hilo ni neno la mapenzi, na hata kondakta wa basi humwita abiria hivyo. Nikamsamehe. Mimi nilimwita Mzee, na alipouliza maana yake nikamwambia ni cheo. Alifurahi kuliko nilivyotarajia.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali mekundu, mwendo wa dakika kumi kutoka eneo la viwanda. Aliinunua kwa sababu hiyo. Alipokuja Australia na mkewe na mtoto mchanga aliajiriwa kwenye kiwanda cha matangi ya maji moto pale Minto, akakaa humo mpaka kikafungwa. Sasa jengo ni ghala. Nikimpitisha kwa gari alikuwa akinitaka nipunguze mwendo, tunatazama malori yakishusha maboksi yaliyotoka ng'ambo, kisha anasema, "Basi, twende," kama mtu aliyekuwa msibani akachoka kukaa. Alhamisi tulikwenda kwenye duka la mitumba la kanisa. Hakununua kitu. Alichukua sahani moja moja, akaigeuza, akasoma jina la kiwanda lililoandikwa chini, akairudisha. Nikimwambia Mzee, tunachelewa, alinijibu kwamba anatafuta watu wa kwao.

Lakini kiwanda cha Minto hakikuwa kiwanda chake cha moyoni. Cha moyoni kilikuwa cha baiskeli, huko Uingereza, na humo yeye alikuwa mkaguzi. Alikaa mwisho wa meza ndefu, na kilichomfikia ni foki, ule uma wa chuma unaolishika gurudumu la mbele. Vipande vya foki huungwa kwa shaba. Chuma kinapashwa moto mpaka kinakuwa chekundu, shaba inayeyuka, na anayeunga akiwa na subira, kiungo kinainywa mpaka ndani kabisa. Akiwa na haraka, shaba inabaki juu juu, inang'aa vilevile, na ndani ni patupu. Kwa macho huwezi kujua. Ndiyo maana alipewa nyundo ndogo. Foki nzima hulia, alisema, na foki mbovu hukohoa. Iliyolia aliigonga muhuri wenye namba yake. Iliyokohoa aliitupa kwenye pipa jekundu.

Alipokuwa akisema hayo mgongo wake ulinyooka. Baba yake alifanya kazi kiwanda hichohicho, wakati wa vita wakitengeneza maganda ya risasi, na vita vilipokwisha wakarudia baiskeli. Nchi ilikuwa imechoka, haina kitu, ikaambiwa itengeneze vitu ivipeleke nje. Basi baiskeli nzuri zote zilipakiwa melini, na wao wenyewe walikwenda kazini kwa miguu au kwa makweche. Hawakulalamika. Kila aliyepita kwenye lango alijua kwamba mahali fulani duniani mtu anapanda mlima juu ya chuma alichokiunga yeye. "Tulishinda vita," aliniambia, "tukadhani tumeshinda kila kitu."

Mimi nimekulia chini ya baiskeli ya Mwingereza, na katika wiki za mwanzo nilimsimulia.

Baba yangu alikuwa bwana afya kule Muheza, bara kidogo kutoka Tanga. Alikagua vyoo, mabucha na visima, na vijiji vyake vilikuwa milimani. Baiskeli ilikuja ndani ya kreti, vipande vipande, akaifuata Tanga kwa treni na kurudi nayo ameketi kando yake kama anayeuguza mgonjwa. Ilikuwa nyeusi, yenye mistari ya rangi ya dhahabu. Karatasi ya kaki iliyofungwa kwenye fremu hakuitoa mwaka mzima, ikawa inachanika yenyewe. Jumapili baada ya ibada aliiegemeza ukutani akaisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na sisi watoto tulikaa mbali, mikono nyuma. Uhuru tulikuwa tumeshapata zamani, bendera yetu inapepea bomani, na baba mwenyewe alicheza ngoma siku ile. Lakini baiskeli ni baiskeli. Waliopanda za Kichina aliwasalimu kwa huruma. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. Na neno lake kubwa, lile ambalo nyumbani kwetu lilisimama pamoja na Amri Kumi, lilikuwa hili: cha Mwingereza hakivunjiki, huvunjwa.

Mzee wa Minto aliposikia hilo alilitaka tena. Niliporudi wiki iliyofuata akalitaka tena, akauliza rangi, akauliza breki, akauliza kama ile mistari ya dhahabu ilikuwa miwili au mitatu. Nilimjibu yote. Kuna asubuhi nilimkuta amekwisha kunyoa mwenyewe, ameketi, ananisubiri nimweleze habari za mteremko wa Amani.

Lakini sikumweleza vizuri, na hapa lazima niseme jambo kuhusu desturi yetu. Kwetu habari huanza na nzuri. Hata nyumba ikiwa na maiti ndani, mgeni akiuliza habari za hapa atajibiwa nzuri, kisha ndipo ifuate ila. Nzuri, ila tumefiwa. Nzuri ni heshima tu. Habari yenyewe iko kwenye ila. Yule mzee nilimpa nzuri yote, kijiko kwa kijiko, na ila nikaimeza. Alikuwa mzee, peke yake, na ile baiskeli ilimfanya anyoe. Nani angeitapika?

Ila ilikuwa hii. Jumamosi moja, nikiwa na miaka minane, baba alipeleka baiskeli kwa fundi abadilishiwe gololi za usukani. Fundi alikuwa na kibanda cha mabati karibu na soko, mtu mpole, mfupi, mwenye vidole vilivyojaa grisi mpaka kwenye kucha. Binti yake alikuwa rafiki yangu, tulikaa dawati moja. Jumatatu baba aliteremka kutoka Amani, na foki ikakatika palepale inapoungana na fremu. Gurudumu lilikwenda kwake na baba akaenda kwake. Walimwokota wachuma chai. Alikaa hospitali ya misheni miezi, akarudi mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na kazi ya milimani ikaishia hapo. Walimweka ofisini kutunza mafaili. Mtu aliyekuwa akipita vijijini na watu wakikimbia kufagia nyua zao, sasa alikuwa anafunga kamba kwenye mafaili.

Hakusema baiskeli ilikatika. Alisema ilikatwa. Fundi aliigonga kwa nyundo kubwa, alisema, akaifunga kwa nguvu za kijinga, akaiharibu. Mji mzima ukakubali, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyojua: cha Mwingereza hakivunjiki.

Fundi alikuja nyumbani kwetu. Hili nililiona kwa macho yangu, nikiwa nimesimama mlangoni na binti yake. Alileta foki imefungwa kwenye gunia, akapiga magoti barazani mbele ya kiti cha baba, wanaume wengine watatu wamekaa, akaifungua. "Bwana afya," alisema, "tazama mwenyewe. Hii sikuivunja mimi. Shaba haikufika ndani. Ilikuja hivi tangu huko." Akaishika juu ili mwanga uingie. Nje, pembeni mwa kiungo, palikuwa panang'aa kama pete. Ndani palikuwa peusi tii, kama ndani ya bomba la jiko.

Mimi niliona. Baba hakutazama. Aligeuza uso kwenye mgomba uliokuwa uani akasema, "Wewe na Mwingereza, nani anajua kuunga chuma?" Wale wanaume wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa sababu swali lilikuwa na jibu moja tu. Fundi alikunja gunia lake polepole, akamshika binti yake mkono, wakaondoka.

Mnyonge hana haki. Baiskeli zilihamia kwa fundi mwingine, zote, kama siafu wamebadili njia. Shuleni watoto walimwita binti yake Mvunja Miguu. Sikuwakataza. Nilihama dawati. Hakuna aliyenituma, si mwalimu wala mama; nilichukua daftari zangu nikaenda kukaa nyuma, naye akabaki peke yake kwenye dawati la watu wawili mpaka siku walipopakia vitu vyao kwenye lori la magunia wakaenda Handeni. Tulisikia baadaye kwamba baba yake huko alikuwa anaziba sufuria. Tukasikia kwamba amefariki. Nyumbani kwetu hakuna aliyesema kitu, isipokuwa baba, aliyesema Mungu amsamehe.

Hiyo ndiyo ila niliyoimeza.

Mwaka jana miguu ya yule mzee ilimkataa kabisa. Akaja mtu wa tathmini na kompyuta yake, akamuuliza leo ni siku gani na nani waziri mkuu, akajibu yote sawasawa pamoja na maoni yake, na bado ikaamuliwa kwamba hawezi kuishi peke yake. Binti yake alikuja kutoka Perth kuipanga nyumba iuzwe. Mimi niliendelea kuja asubuhi, kumwogesha katikati ya maboksi.

Asubuhi mojawapo binti yake alikuwa ametoka kwenda kwa mawakala wa nyumba. Mzee alinituma nimletee kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na chuma kifupi, urefu wa kidole, mwishoni kimechongwa namba. Kilikuwa muhuri wake. Alipaswa kuurudisha siku alipoacha kazi. Hakuurudisha, wala hakuugonga mezani kama alivyozoea kugonga vitu. Aliushika tu.

"Nitakuambia jambo, bata," alisema, "kwa sababu wewe unatoka huko."

Aliniambia kwamba mashine zilikuwa zilezile za babu zake. Kila mwaka wakubwa walisema mpya zinakuja, na kila mwaka wakubwa walibadili magari yao. Walikuwa na chumba chao cha kulia chakula, chenye vitambaa mezani, na choo chao. Waliokuwa chini nao walijifunza kufanya kazi kwa kadiri ileile waliyothaminiwa. Siku moja walikuja wageni kutoka Japani, wakainama, wakapiga picha za kila kitu hata mafagio, na wafanyakazi wakawacheka siku nzima. Baada ya miaka michache hakuna aliyekuwa anacheka. Oda zikawa zinachelewa. Waunga shaba wakongwe walistaafu, wakaingia wasiofundishwa, na pipa jekundu likawa linajaa kabla ya saa nne asubuhi.

"Mwanzoni, baada ya vita, vizuri vilikwenda nje na vibovu tukabaki navyo," alisema. "Mwishoni ikageuka. Msimamizi alikuja mezani kwangu, akashusha sauti, akasema za Afrika zipite. Zote. Huko hawarudishi."

Alikataa wiki tatu. Wakamtoa kwenye meza wakampa ufagio. Mkewe alikuwa na mimba ya huyu binti wa Perth. Wiki ya nne alirudi mezani, akachukua muhuri.

"Nyundo niliiweka kwenye droo," alisema. "Sikuzigonga tena. Ningezigonga ningesikia. Nilipiga muhuri tu, kutwa, na nilijua kwamba nusu yazo shaba haikufika ndani."

Nilikuwa nimeshika taulo lake. Nakumbuka lilikuwa la buluu, lenye tundu. Maneno aliyoyasema kwa Kiingereza cha kwao yalikuwa maneno ya fundi, neno kwa neno, na mimi nilikuwa nimesimama tena mlangoni kwetu Muheza nikiwa na miaka minane, mkono wa rafiki yangu umo mkononi mwangu.

"Tangu siku hizo najiuliza kama yuko aliyeanguka," alisema. Kisha akanitazama. "Ile baiskeli ya baba yako. Haikuwahi kumsumbua?"

"Hapana, Mzee," nikasema. "Ilikuwa nzuri."

Akanyoosha mkono, akagonga meza mara moja.

"Hiyo imekohoa, bata," akasema. Akanyanyua mikono nimvishe fulana.

Nilirudi kwangu Liverpool, ile ya hapa Sydney, nimefura hasira, na sikujua namkasirikia nani. Nikamweleza binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote na hukijibu kwa Kiingereza. Alikuwa anakula nafaka za maziwa jioni, kama wafanyavyo vijana wa huku.

"Mum, just tell him," akasema. "He literally asked you."

"Mtu yuko mlango wa kaburini, nimwambie alimvunja babu yako mguu?"

"You don't know it was his one."

"Sijui. Ndiyo."

"But you know it wasn't the bike guy."

Akaosha bakuli lake akaenda chumbani. Watoto wa huku hawajui kumeza ila. Nilibaki jikoni nimesimama, kwa sababu alichosema, kwamba si fundi, ndicho nilichokuwa nakijua tangu nina miaka minane. Nilikiona kile kiungo. Sikuhitaji Mwingereza aje kunithibitishia. Nilimhitaji ili nithubutu kusema, na hilo liliniuma kuliko yote aliyoniambia Mzee.

Nilipokwenda tena ilikuwa siku yake ya mwisho katika nyumba ile. Kitanda kilikuwa kimeshafunguliwa, amekaa kwenye kiti cha plastiki cha bustani. Nilipiga magoti kumfunga viatu, na nikiwa hapo chini nikamwambia yote: gololi, mteremko, mguu wa baba, gunia, fundi, Handeni. Hata dawati nilimwambia.

Aliuliza ilikatika wapi hasa. Nikamwonyesha kwenye fremu yake ya kutembelea. Aliuliza ndani palikuwaje. Nikamwambia peusi. Machozi yalikuwa yanamshuka bila uso wake kubadilika, nami nililia pia, kwa kelele kidogo, kama tuliavyo kwetu.

"Huyo fundi," alisema, "alikiinua juu mwanga uingie?"

"Ndiyo."

"Basi yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi. Mimi nilikuwa mpiga muhuri tu."

Akaniambia nichukue kalamu, tumwandikie baba yangu. Barua aliisema kwa Kiingereza nami nikaiandika kwa Kiswahili, nyuma ya fomu ya mawakala wa nyumba. Alikuwa mwangalifu mno. Hakutaka niandike kwamba foki ilikuwa yake, maana wakaguzi walikuwa wengi na viwanda vilikuwa vingi, na yeye hakipigi muhuri asichokipima. Alitaka niandike kwamba yeye alikaa kwenye meza kama hiyo, kwamba foki za namna hiyo zilipitishwa kwa makusudi, na kwamba foki ikikatika pale na ndani ikiwa nyeusi, kosa ni la aliyeunga na aliyekagua, wala fundi wa gololi hahusiki hata kidogo. Fundi alisema kweli. Sentensi hiyo alitaka isimame peke yake. Mwisho aliniomba nyundo ya kuangikia picha na kibao cha kukatia nyama. Akaweka karatasi juu ya kibao, akausimamisha muhuri, nami nikamshika kiganja, akapiga. Namba ikazama kwenye karatasi bila wino.

Jumapili jioni nilipiga simu ya video nyumbani, kwao ikiwa asubuhi, baba ameshatoka kanisani. Mdogo wangu ndiye anayemshikia simu. Baba alikuwa barazani, kwenye kiti kingine lakini mahali palepale, fimbo kati ya magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri, baba," nikasema. "Ila nina barua yako."

Nilimtumia mdogo wangu picha ya barua, akaisoma kwa sauti, taratibu, alivyofundishwa na baba mwenyewe. Alipofika kwenye ile sentensi iliyosimama peke yake alikohoa kidogo kabla ya kuisoma. Baba hakumkatiza. Mwisho akauliza, "Mzee huyo ana umri gani?"

"Themanini na saba."

"Ndiyo umri wenyewe. Mtu akifika hapo anajitwika hata ya wenziwe."

"Baba, fundi alikuja kukuonyesha. Nilikuwepo. Hukutazama."

"Sikutazama," alisema.

Hakukana. Nilikuwa nimejiandaa akikana, nimepanga maneno, na sasa sikuwa na mahali pa kuyaweka. Jogoo wa jirani aliwika simuni. Baba aliinua mguu wake kwa mikono miwili, akausogeza, kama afanyavyo ukiuma.

"Nimetembea na mguu huu karibu miaka hamsini," alisema. "Ni mzito, lakini nimeuzoea. Leo unataka nimbebe na fundi juu yake?"

"Baba, alikufa na jina baya."

"Alikufa. Mungu amsamehe." Kisha sauti yake ikawa ile ya kupokea wageni. "Mpe mzee salamu zangu nyingi. Mwambie asijisumbue. Mwambie baiskeli yake ilikuwa nzuri sana, sijapata kuona kama ile. Ni fundi tu."

Mdogo wangu aliigeuza simu, nikaona mgomba, kisha nikaona uso wake. Nampenda baba yangu. Siku ile nilimchukia kwa muda wa kama nusu saa, nikaenda kufua.

Yule mzee walimpeleka kwenye nyumba ya wazee huku Liverpool, si mbali na hospitali. Si zamu yangu kule, kwa hiyo nilikwenda kama mgeni, nikaandika jina kwenye daftari la wageni. Chumba kilikuwa safi na hakikuwa na kitu. Hata lile kopo la biskuti halikuwepo. Alikuwa amekonda katika wiki mbili kama aliyekaa miaka miwili. Hakuuliza habari zangu.

"Baba yako amesemaje?"

Ningeweza kumpa nzuri. Ilikuwa mdomoni kabisa, imeshalainika. Nikamwambia alivyosema baba, yote, mpaka salamu. Nikamwambia, "Amesema baiskeli ilikuwa nzuri sana. Amesema ni fundi tu."

Aliinua mkono kuelekea kimeza cha kando ya kitanda, kile cha plastiki, nikadhani ataligonga neno hilo kama kawaida yake. Mkono ulisita, ukarudi juu ya blanketi.

"Yule msimamizi alijua watu," alisema. "Huko hawarudishi."

Nilimrekebishia mto nikamtafutia chai. Hakuinywa. Alifariki majira ya baridi, na binti yake akanitumia ule muhuri kwa posta, akieleza kwamba hakujua ni wa nini lakini baba yake aliacha maagizo.

Barua bado iko kwangu, ndani ya Biblia. Mdogo wangu amekwenda Handeni mara mbili kuulizia watu wa fundi. Ameuliza sokoni, ameuliza kwa mafundi sufuria, ameuliza kanisani, na hakuna anayemkumbuka mtu mfupi aliyetoka Muheza, wala binti yake, ambaye sasa ni mwanamke wa umri wangu na huenda ana jina la mume. Ameniambia haendi tena. Nimemwambia nitakuja mwenyewe na barua likizo ijayo, nikae huko mpaka nichoke. Nimeshafikiria nitakavyobisha hodi kwa rafiki yangu, na atakavyonikaribisha bila kunitambua, na atakavyouliza, kama ilivyo desturi, habari za nitokako. Sitaanza na nzuri.